Hilasisti au breki holdi: ipi utafute kama gari yako itaishi Mbeya, Iringa na milima ya huku

Wakuu, hili swali linajirudia sana kwa watu wanaoagiza gari Japani au wananunua yadi Dar halafu wanazipandisha huku juu. Mtu anaona kwenye picha kuna batani imeandikwa HOLD karibu na gia, au muuzaji anamwambia "hii mzee mlimani hairudi nyuma", basi anaongeza hela bila kujua anaongezea nini. Vitu vyenyewe ni viwili na ukiviangalia haraka vinafanana, vyote vinashika breki wakati wewe umeshatoa mguu, ila kimoja, hilasisti (hill-start assist), ni cha kuondokea mlimani na kingine, breki holdi (brake hold), ni cha kusimamia, na kwa barabara zetu hiyo tofauti utaionja siku ya kwanza tu.

Niseme msimamo wangu mapema kwa wasio na muda. Kama gari ni manyuo (gia za mkono) tafuta hilasisti, breki holdi usiiwaze. Kama ni oto na maisha yako ni kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa, Mafiati mpaka Mbalizi kila asubuhi na jioni, breki holdi itakufaa zaidi. Na kama unakaa Makete, Ludewa au ndanindani ya Rungwe, chukua gari yenye hilasisti na handbreki ya kuvuta kwa mkono, hizi za umeme waachie wa mjini kwanza. Sababu nazieleza, na wa kubisha atabisha.

Hilasisti kwenye Toyota utaikuta inaitwa HAC, kampuni nyingine wanaandika HSA. Gari nyingi haina batani, ipo tu inakusubiri. Umesimama mlimani, mguu uko kwenye breki, gari inajua imeinama maana kuna sensa inayopima mwinamo, sasa ukiinua mguu kuupeleka kwenye mafuta ile presha ya breki haiachiwi palepale, inafungiwa kwenye ile pampu ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukibana breki ghafla) kwa kama sekunde mbili halafu inaachiwa taratibu. Ukikanyaga mafuta kabla hazijaisha gari inaondoka bila kurudi hata kidogo. Ukizubaa unatafuta chenji ya kumpa dogo wa karanga, inaachia, na haikuagi, unashtukia tu unaserereka kama gari nyingine yoyote.

Breki holdi inatumia pampu ileile ya ABS ila hii unaiwasha mwenyewe. Kwenye Toyota ukibonyeza inakuja taa ya kijani imeandikwa HOLD, maana yake iko tayari, halafu ukikanyaga breki mpaka gari isimame kabisa ile taa inageuka njano, hapo toa mguu, nyoosha goti, pumzika. Gari imekaa iwe mlimani iwe tambarare na itakaa mpaka ukanyage mafuta. Ukikaa sana inajikabidhi yenyewe kwa handbreki ya umeme, Toyota ni baada ya kama dakika 3, Honda ni dakika 10. Ila ina masharti yake, injini iwe inawaka, mlango wa dereva uwe umefungwa na mkanda umeufunga, kwahiyo wale wa kufunga mkanda mkimuona trafiki tu, breki holdi yenu itakuwa pambo. Na kwenye gari nyingi za Toyota na Honda ukizima injini inajifuta, kesho asubuhi unaibonyeza upya.

Kwa anayependa historia, wazo lenyewe ni la zamani kuliko tunavyodhani, Studebaker ya Marekani ilikuwa na kifaa cha kuzuia gari isirudi nyuma mlimani tangu 1936, na Subaru za manyuo zilikuwa nacho miaka ya themanini, vyote bila kompyuta, vilifanya kazi pamoja na klachi. Kwahiyo akitokea mtu anakuringia kwamba hii ni teknolojia mpya kabisa, mwache aringe.

Sasa tuje mlimani kwenyewe, tuanze na manyuo.

Anayeijua Iringa anajua ile njia ya kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini. Unapandisha, daladala mbele inasimama ghafla kushusha abiria, na nyuma yako bajaji imekuganda mpaka kwenye kioo unamuona dereva anatafuna muwa. Pedali tatu, miguu miwili. Njia tuliyofundishwa wote ni handbreki, unavuta, unatafuta gia ya kwanza, unabalansi klachi mpaka pua ya gari inainuka kidogo, unaongeza mafuta, unashusha handbreki. Ukiizoea ni nzuri na inafanya kazi kwenye gari yoyote duniani. Tatizo ni wale wa njia ya pili, ambao ni wengi, wanaoishikilia gari mlimani kwa klachi na mafuta bila breki kabisa, gari inacheza mbele nyuma mbele nyuma, wanajiona mafundi, na harufu ya klachi inaingia mpaka ndani. Plati ya klachi inaisha kwa mchezo huo, na kuibadilisha ni kushusha gia boksi, siyo kazi ya nusu saa wala ya hela ya soda.

Hapo ndo hilasisti inapolipa. Zile sekunde mbili zinatosha kabisa kwa mguu kutoka breki kwenda mafuta huku klachi inakamata, huhitaji kuvuta handbreki kila daladala inaposimama, na huna sababu ya kuichoma klachi. Kwa mtu aliyetoka chuo cha udereva juzi na ameshapewa gari ya ofisi ya manyuo azungukie Tukuyu na Busokelo, mimi ningempa hilasisti kabla ya redio. Ila bado ajifunze njia ya handbreki, maana siku atapewa Land Cruiser mkonga ya zamani isiyo na hata ABS, na mkonga hauna huruma.

Breki holdi kwenye manyuo zipo, Ulaya wanazo, ila kwa gari zinazoingia kwetu kuipata ni bahati nasibu, ndo maana nimesema usiiwaze.

Oto sasa. Kuna imani kwamba oto hairudi nyuma mlimani kwa sababu ukitoa mguu kwenye breki inajivuta yenyewe. Inajivuta ndiyo, tambarare, au kwenye kilima cha kawaida. Chukua Passo ya injini ndogo, pakia watu watano, buti weka viazi kutoka Isongole, simama kwenye kona moja ya kupanda kutoka Tukuyu halafu toa mguu, utaona kama hutarudi. Ile nguvu ya kujivuta ni ndogo, uzito ukizidi inashindwa. Kwahiyo hata mwenye oto anaihitaji hilasisti, tena anaihitaji bila kujua, maana hakuwahi kufundishwa kuanzia mlimani.

Na kuna tabia mbaya ya madereva wa oto ambayo hizi zote mbili zinaiponya. Mtu amesimama mlimani anasubiri, badala ya kushika breki anakanyaga mafuta kidogo gari isirudi nyuma, inakaa pale inaguna. Anapika mafuta ya gia boksi. Kwenye oto ya kawaida joto lote linaishia kwenye yale mafuta, na ikiwa ni CVT, ile oto ya mkanda, ambayo ndo gari nyingi ndogo za Japani sasa hivi, joto ni adui yake namba moja. Hilasisti inakuondolea sababu ya kufanya hivo kwenye kituo kifupi, breki holdi inakuondolea kwenye kituo kirefu. Hii pekee naona ni sababu tosha ya kuzijua hata kama huna mpango wa kununua gari mwaka huu.

Kwenye foleni mambo yanageuka. Mbeya barabara kubwa ni hiyohiyo moja, lori za Tunduma zinazobeba mizigo ya Zambia na Kongo zinapita humohumo na daladala, bajaji, bodaboda na mama anayevuka na ndoo ya parachichi, na kazi ya kupanua njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi imekuja na michepuko na vumbi lake. Ukisimamishwa pale na trafiki ameamua kuruhusu upande mwingine kwanza, unaweza kukaa mpaka ukamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Hilasisti hapo haina la kukusaidia, tambarare haiamki, na hata mlimani zile sekunde mbili zake zimeisha zamani. Mguu wako ndo breki. Mwenye breki holdi ametoa mguu, anakunywa maji, na taa zake za nyuma za breki bado zinawaka kwahiyo wa nyuma anajua huyu kasimama.

Lakini isikudanganye, foleni ni za aina mbili. Ile ya kusimama kabisa, breki holdi ni raha. Ile ya kusogea hatua mbili unasimama, hatua mbili unasimama, inakera, kwa sababu gari haijivuti tena yenyewe, kila mara lazima uguse mafuta ndo iachie, na ukigusa vibaya inaruka kidogo, unamgusa wa mbele. Mimi hapo naizima, naiacha gari ijivute kwa taratibu zake, nikiona tumesimama kweli ndo nabonyeza. Pia wakati wa kuingiza gari kwenye sehemu finyu, mfano unajibana pale Kabwe kati ya Noah na toroli la ndizi, izime kabisa, unataka gari inayotii mguu wa breki tu.

Halafu Kitonga. Pale kila dereva wa Iringa na Mbeya ana hadithi yake. Kona kali, kilima kirefu, lori likikata roho katikati basi foleni inajipanga mlimani, pua zote zimeangalia juu. Mnasogea kidogo, mnasimama, mnasubiri upande wa kushuka upite, mnasogea. Ukiangalia haraka utasema hapa breki holdi ndo mfalme, na kwa kiasi fulani ni kweli maana inashika kwa muda mrefu, na ukikanyaga mafuta inaachia pale tu gari inapoanza kuvuta. Ila watengenezaji wenyewe wanaonya kwenye kitabu cha gari kwamba kwenye mwinuko mkali mfumo unaweza kushindwa kuishika gari, dereva awe tayari kukanyaga breki mwenyewe. Sasa weka abiria, weka mizigo, weka tairi zilizochoka. Kwahiyo Kitonga mimi nasema hivi, foleni ikiwa inasogeasogea tumia breki holdi huku mguu uko jirani na pedali ya breki, usiukunje chini ya kiti. Foleni ikisimama mpaka watu wanashuka kununua vitu, weka P, weka handbreki, zima injini. Na mwenye hilasisti tu asijisikie mnyonge, anashika breki kwa mguu au anavuta handbreki wakati wa kusubiri, hilasisti anaitumia kwenye kuondoka, na kuondoka ndo sehemu ngumu.

Jambo jingine la Kitonga ambalo kifaa chochote hakikusaidii, ni nafasi. Acha nafasi kwa lori lililo mbele yako, nyingi, kuliko unavyodhani inatosha. Gari yako inaweza kuwa na hilasisti na breki holdi na kila kitu, lori lenyewe likirudi nyuma haliulizi. Ukimuona utingo ameruka chini na kabari mkononi anakimbilia tairi la nyuma, ujue huko mbele breki haziaminiki hivyo, na ile kabari yake ya mti mimi naiheshimu kuliko vifaa vyetu vyote hivi.

Kwenye mvua na tope pia kuna kutoelewana. Tukuyu mvua haina msimu wa kueleweka, Makete asubuhi kuna ukungu na barabara imelowa, ukitoka kwenye lami ni udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Vifaa vyote viwili vinashika tairi lisizunguke, basi. Tairi likiwa limeshikwa lakini chini yake ni utelezi, gari inateremka na tairi zake zikiwa zimefungwa hivyohivyo. Kilichokushika mlimani ni kashata za tairi. Hela uliyotaka kuongeza kwa ajili ya batani ya HOLD, kama tairi zako ni kipara, peleka kwenye tairi.

Na kushuka. Watu wengi wakisikia kifaa cha mlima wanadhani kinasaidia kupanda na kushuka. Hapana. Mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, ule wa Inyala, au kushuka Kitonga kwenda Mahenge, hilasisti na breki holdi zote hazina kazi wakati gari inatembea. Huko ni gia nzito, yaani oto weka L au 2 au ile B kwenye Prius na haibridi nyingine, manyuo shuka na gia ambayo ungepandia, breki igusegusa usiilalie. Kuna kifaa cha tatu kinaitwa DAC, kipo kwenye Prado na gari nyingine za 4WD, hicho kinashusha gari polepole chenyewe ila ni kwa njia mbovu na mwendo wa chini sana, huwezi kukitumia lami ya Iwambi halafu nyuma yako kuna basi. Bado kuna kitu kimoja wengi hawakijui, hilasisti inafanya kazi pia ukiwa umeangalia chini na unataka kurudi nyuma kupanda, mfano umeingiza gari kwenye nyumba ambayo geti liko juu na uwanja uko chini, kama nyumba nyingi za kule Loleza na Forest. Unaweka R, unatoa mguu, haitumbukii ukutani kwa mama mwenye nyumba. Breki holdi kwenye Honda ukiweka R inaachia, kwahiyo hapo hilasisti inaongoza waziwazi.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya niseme watu wa mbali na mjini waachane na breki holdi kwa sasa. Breki holdi kwa kawaida haiji peke yake, inakuja na handbreki ya umeme, ile batani yenye P badala ya mkono wa kuvuta au pedali ya mguu wa kushoto. Handbreki ya umeme ina mota ndogo huko nyuma kwenye breki zenyewe. Betri ikifa kabisa na handbreki imewekwa, haitoki, gari haisukumiki, mpaka upate waya za kuchukua umeme kwa gari nyingine. Na huku kwetu Juni na Julai, Njombe na Makete, asubuhi baridi inang'ata, betri iliyochoka inajulikana siku hiyo. Dar betri hiyohiyo ingesogeza mwaka.

Kisha pedi za nyuma. Kwenye handbreki ya waya fundi yeyote wa chini ya mwembe anazibadilisha. Kwenye ya umeme nyingi lazima ile mota irudishwe nyuma kwa utaratibu wake, kwa mashine ya kupimia au kwa mlolongo wa kubonyeza ambao uko kwenye kitabu cha fundi. Fundi asiyejua anaisukuma kwa nguvu, anaua mota, halafu anakwambia gari yako ilikuwa na shida tangu zamani. Mbeya mjini, Iringa mjini, mafundi wenye mashine wapo, unawauliza kwanza kama wameshawahi kuifanya gari kama yako. Ukiwa Lupila au Mawengi hiyo ni safari. Na ile barabara ya zege ya Lusitu mpaka Mawengi ni nzuri sana, sikatai, ila uzuri wa barabara hauleti fundi.

Hilasisti haina hayo, yenyewe ni programu tu ndani ya mfumo wa ABS na VSC (ule wa kuzuia gari isiteleze ikapoteza mwelekeo) ambao gari tayari inao, inaishi vizuri na handbreki ya kuvuta, hakuna kifaa cha ziada cha kuharibika. Udhaifu wake ni kwamba inategemea huo mfumo uwe mzima. Na hapa nataka muelewe vizuri maana ndo penye utapeli. Gari ngapi zinatembea mjini na taa ya ABS au VSC inawaka dashibodi, mwenyewe anasema "hiyo achana nayo, ni sensa tu"? Ikiwaka hiyo taa, mara nyingi hilasisti imelala. Breki holdi nayo vilevile. Kwahiyo mtu ananunua gari yenye hilasisti kwenye karatasi, sensa ya tairi moja ilikatika kwenye mashimo, taa inawaka, basi mlimani ana gari sawa na IST ya 2003. Hizo IST za kwanza, Spacio, Vitz za zamani, Noah za zamani, usitafute kabisa, hazikuja nazo, na watu wanapanda nazo Kitonga kila siku kwa handbreki na akili.

Kwa gari zenyewe, kwa kifupi. Japani walianza kulazimisha VSC kwa modeli mpya mwaka 2012, kwahiyo gari za kuanzia hapo kuja huku nyingi zina hilasisti hata kama muuzaji haijui. Prado 150 inayo, Prius ya 2009 mpaka 2015 inayo, ila hiyo Prius ina kautaratibu kake, ukishasimama unakanyaga breki kwa nguvu zaidi mpaka ilie na taa ya kuteleza iwake ndo inashika, watu wengi wanayo miaka na hawajawahi kuitumia. Breki holdi utaikuta Harrier za kuanzia mwisho wa 2013, Honda Vezel nyingi za kuanzia 2013, na C-HR. Na zenye breki holdi karibu zote zina hilasisti ndani, kwahiyo kiukweli kuchagua siyo kati ya hii na ile, unachagua kati ya hilasisti peke yake na handbreki ya kawaida, au vyote viwili pamoja na handbreki ya umeme na gharama zake. Ukiitazama hivyo uamuzi unakuwa mwepesi.

Ndo maana mwenye Harrier anayeishi Mbeya mjini simlaumu, ana foleni, ana mafundi, ana sehemu ya kuwashia gari na waya, afaidi. Dada yangu mmoja wa kazini anakaa Isyesye anafanya kazi Mbalizi, goti la kulia lilikuwa linamuuma kila jioni, tangu apate gari yenye HOLD hatumsikii tena na hilo goti. Lakini shemeji yangu anayenunua viazi Uporoto na kuvipeleka Makambako na Hilux ya manyuo, ukimpa breki holdi atakuuliza ni ya nini. Yeye sekunde mbili zinamtosha, na zikigoma ana handbreki.

Ukienda kuikagua gari usijaribie uwanjani pa muuzaji, uwanja ni tambarare utajaribu nini. Washa swichi kwanza bila kuwasha injini, taa za ABS na VSC lazima ziwake, halafu ukiwasha injini zizime. Zisipowaka kabisa mwanzoni ogopa zaidi, kuna wanaong'oa balbu. Kisha peleka gari kwenye kilima cha kweli chenye nafasi nyuma, pasiwe na mtu wala bodaboda, simama kabisa, kanyaga breki vizuri, toa mguu bila kukanyaga mafuta, uhesabu moja, mbili. Ikishika halafu ikaachia taratibu, hilasisti ipo na ni nzima. Ikirudi palepale, rudia kwa kukanyaga breki kwa nguvu zaidi, ikirudi tena basi haipo au imekufa. Kwa breki holdi funga mkanda, bonyeza batani, simama mlimani, subiri taa igeuke rangi, toa mguu, mguu ubaki jirani. Kaa hapo mpaka zipite zile dakika usikie mota ya handbreki inalia nyuma, hiyo sauti ndo unayoitafuta, maana breki holdi isiyoweza kukabidhi kwa handbreki ina mota mbovu na hiyo mota utainunua wewe. Ukivua mkanda ikiwa imeshika nayo iweke handbreki yenyewe. Kama muuzaji anakuharakisha kabla hizo dakika hazijaisha, anakwambia mafuta yanaisha, mwambie mafuta utaweka wewe.